Kugawanya kumekataa? Soma dalili kwanza ndio ujue unarekebisha wapi

Hesabu ya kugawanya ikikataa, watu wengi hufuta yote na kuanza upya, na wanaanza upya na kosa ile ile, kwa hivyo wanafika kwa jibu lile lile mbaya wakiwa tu na hasira zaidi. Hapa chini nimepanga dalili, yaani vile jibu mbaya linaonekana ukiliangalia, halafu chanzo chake na dawa yake. Ni ya mzazi anayesaidia mtoto homuweki usiku, ya mweka hazina wa chama, na ya yule ako sokoni Kibuye ama kwa soko ya Wakulima kule Nakuru anapiga hesabu kwa simu huku kastoma amesimama anangoja chenji.

Kabla ya dalili yoyote fanya kipimo hiki kimoja. Chukua jibu, zidisha na ile namba uligawanya nayo, ongeza baki kama iko. Lazima urudi kwa namba uliyoanza nayo, na hiyo baki lazima iwe ndogo kuliko namba inayogawanya. Mfano 47 ÷ 6 ni 7 baki 5, kwa sababu 6 × 7 ni 42, ongeza 5 unapata 47, na 5 ni ndogo kuliko 6. Imepita.

Kipimo kinakutengea shida mafungu mawili. Usiporudi kwa namba ya kwanza, kosa iko kwa hesabu yenyewe, mahali fulani mkono uliteleza. Ukirudi sawasawa lakini jibu bado ni la kuchekesha, basi hesabu haina shida, ni swali ndio uliuliza vibaya. Hii ya pili ndio husumbua watu wazima sana, na kalkuleta haiwezi kukuokoa maana yenyewe inajibu tu chenye umebonyeza.

DALILI: Jibu ni fupi sana, kama kuna namba imeanguka njiani

Hii ndio ya kwanza kwa watoto wa gredi ya nne na ya tano, na kusema ukweli hata kwa watu wenye diploma. Chama imepata shilingi 8,120, inagawanywa kwa watu 8, mtu anaandika 115. Pima: 115 × 8 ni 920. Pesa zingine zote ziko wapi?

Hebu tupitie polepole. 8 kwa 8 inaingia mara 1, baki hakuna. Shusha 1. Sasa 8 inaingia kwa 1 mara ngapi? Mara sifuri, na HAPO ndipo kosa huzaliwa, kwa sababu mtu anajiambia "haiingii", anashusha ile 2 haraka haraka apate 12, na hapo juu hajaandika kitu. Haiingii maana yake ni uandike 0. Kwa hivyo: andika 0, shusha 2 upate 12, inaingia mara 1 baki 4, shusha 0 upate 40, inaingia mara 5. Juu sasa inasomeka 1,015, na 1,015 × 8 ni 8,120.

Sheria ya kushika ni kwamba ukishaandika namba ya kwanza ya jibu, kila namba unayoshusha lazima iandikiwe kitu hapo juu, hata kama ni sifuri. Ukishusha mara tatu, juu kunaongezeka namba tatu, haina mjadala. Na kabla uanze hesabu yenyewe jiulize jibu litakuwa na namba ngapi: 8 inaingia kwa ile 8 ya mbele kabisa, basi jibu lina namba nne, ukipata tatu unajua mapema kuna kitu umeruka. Mtoto akiwa na hii shida kila siku mpatie karatasi ya maboksi, kila namba ikae kwa boksi yake, boksi ikibaki wazi inajionyesha yenyewe.

Ndugu yake ni sifuri ya mwisho, 840 ÷ 4 inaandikwa 21 badala ya 210. Chanzo ni hicho hicho, dawa hiyo hiyo.

DALILI: Baki ni kubwa kuliko namba inayogawanya

59 ÷ 7 ni 7 baki 10. Ukipima inarudi, 49 ongeza 10 ni 59, ndio maana inadanganya watu. Lakini ndani ya 10 bado kuna 7 moja haijatolewa. Ongeza jibu moja: 8 baki 3. Twende.

DALILI: Jibu ni sawa lakini chenji imekataa

Hii naipenda kwa sababu inapita kwa mitihani na kwa biashara na hakuna mtu anaishuku. Una shilingi 1,700, viatu vya mtumba ni 300 kila pea, unanunua ngapi na unabaki na ngapi? Mtu anakata sifuri mbili kila upande, anabaki na 17 ÷ 3, anapata 5 baki 2. Pea tano, sawa kabisa. Unabaki na shilingi mbili? Hapana, unabaki na 200.

Kukata sifuri hakuna makosa. Ukigawanya namba zote mbili na kitu kimoja, ama ukizizidisha zote na kitu kimoja, jibu halibadiliki hata kidogo, hiyo ni tabia ya kugawanya na inafaa sana. Lakini baki haimo kwa hiyo ruhusa. Ulipokata sifuri mbili ulianza kuhesabu kwa noti za mia, kwa hivyo ile 2 ni mia mbili. Rudisha sifuri ulizokata kwa baki peke yake.

Kwa desimali pia ni hivyo. 5 ÷ 0.6 unasogeza nukta pande zote mbili inakuwa 50 ÷ 6, ni 8 baki 2, lakini hiyo baki kwa hesabu ya kwanza ni 0.2. Pima: 0.6 × 8 ni 4.8, ongeza 0.2 ni 5.

Halafu kuna hii: 7 ÷ 2 ni 3 baki 1, na 10 ÷ 3 ni 3 baki 1, basi mtu anaandika alama ya sawa katikati yao. Haziko sawa, moja ni 3.5 na ingine ni 3.33 na kuendelea, maana baki 1 ya kugawanya na 2 ni nusu nzima lakini baki 1 ya kugawanya na 3 ni theluthi. Baki bila kusema ulikuwa unagawanya na ngapi haina maana.

DALILI: Jibu lina desimali na kitu chenyewe hakikatwi

Kwaya ya watu 50 inatoka Kisumu kwenda arusi Kakamega, matatu ni ya abiria 14. Katibu anabonyeza simu.

"Imesema tatu nukta tano saba."

"Basi itisha tatu."

Na asubuhi watu 8 wamebaki steji na sare zao. Hesabu ilikuwa sahihi, kipimo kinapita, 14 × 3 ni 42 na 8 ni 50. Shida ni kwamba 50 ÷ 14 ni hesabu moja yenye majibu matatu, na kila moja inajibu swali lake. Matatu ngapi zinatosha? 4, unapanda juu. Matatu ngapi zitajaa kabisa? 3, unashuka chini. Ya mwisho itabeba wangapi? 8, hiyo ni baki. Ile sheria ya shule ya kusema ikifika nukta tano panda, chini ya hapo shuka, haina kazi hapa. Hata kama wangekuwa watu 43 na simu iseme 3.07 bado unahitaji matatu ya nne, labda huyo mmoja apande boda.

Ukiona desimali na unataka baki, usianze upya. Toa ile namba nzima ya mbele, kinachobaki kizidishe na namba inayogawanya. 0.5714 × 14 inakupatia 7.9996, yaani 8, hiyo kidogo imepotea kwa sababu ulikata mkia wa desimali.

Kwa pesa za chama unashuka chini kila wakati. 25,000 kwa watu 17 ni 1,470.588, na najua mkono unataka kuandika 1,471 maana nukta tano imepita. Lakini 1,471 × 17 ni 25,007, wewe kama mweka hazina utatoa shilingi 7 kwa mfuko wako. Lipa 1,470 kila mtu, hiyo ni 24,990, na ile shilingi 10 iandikwe kwa daftari kwamba imerudi kwa kapu. Iandikwe tafadhali, shilingi 10 isiyoandikwa imevunja vyama vingi kuliko laki iliyoandikwa.

DALILI: Umegawanya na jibu limekuwa KUBWA

Mtoto anapata 5 ÷ ¼ = 20 halafu anafuta, anaandika 1¼, kwa sababu mwalimu wa gredi ya pili alimwambia ukigawanya kitu inapungua. Mwalimu hakudanganya, alikuwa anaongea kuhusu namba nzima kama 2 na 3 na 4. Ukigawanya na namba iliyo chini ya 1 (lakini juu ya sifuri) jibu lazima liwe kubwa kuliko ulichoanza nacho. Mwache mtoto, jibu lake la kwanza lilikuwa sawa.

Chanzo ni kwamba kugawanya kuna kazi mbili na shuleni moja ndio hufundishwa sana kuliko ingine. Kazi ya kwanza ni kugawia watu: niko na 20, watu ni 4, kila mtu apate ngapi. Ya pili ni kupima: niko na 20, kila fungu ni la 4, nitapata mafungu mangapi. Jibu ni 5 kwa zote mbili, lakini ukileta sehemu, ile ya kwanza inakufa, hauwezi kugawia robo ya mtu. Ya pili bado inaishi vizuri. Lita 5 za maziwa, kikombe cha robo lita, nitajaza vikombe vingapi? Lita moja inajaza vinne, lita tano vinajaa ishirini. Mama yeyote wa kibanda cha chai anajua hii bila kuandika chochote.

Na hapo ndio unapata ile "geuza halafu zidisha" ilitoka wapi, maana wengi tulikariri tu. Chukua lita 5 tena lakini kikombe sasa ni robo tatu. Kwanza hesabu robo zote, 5 × 4, ni robo 20. Kila kikombe kinakula robo tatu, kwa hivyo 20 ÷ 3, ni 6 na theluthi mbili. Umezidisha na 4 ukagawanya na 3, ndio kugeuza ¾ iwe 4/3, hakuna uchawi.

Sasa angalia hapa vizuri. Hiyo theluthi mbili ni theluthi mbili ya NINI? Watu wengi watasema ya lita. Si ya lita, ni ya kikombe. Vikombe 6 vimekula lita 4.5, imebaki nusu lita, na nusu lita ni theluthi mbili za kikombe cha robo tatu. Jibu la kugawanya kwa kupima linahesabu mafungu, halihesabu lita. Baki ndio huwa kwa lita.

Ukichanganya kugawanya na nusu na kugawanya mara mbili pia utaumia. Gorogoro 6 za omena ukizipima kwa mkebe wa nusu gorogoro unapata mafungu 12, ukizigawia kastoma wawili kila mmoja anapata 3. 6 ÷ ½ na 6 ÷ 2, usiziweke karibu.

DALILI: Jibu ni 0.025 na wewe ulitarajia kitu kama 40

Namba zimegeuzwa. Gunia la viazi la kilo 50 umeuziwa Molo kwa 2,000, unataka bei ya kilo. 2,000 ÷ 50 ni 40, shilingi 40 kwa kilo. Ukibonyeza 50 ÷ 2,000 unapata 0.025, na hiyo pia ni kweli, ni kilo ngapi unapata kwa shilingi moja, ila hakuna mtu anauza hivyo. Kuongeza na kuzidisha huwa hazijali mpangilio, 3 × 12 na 12 × 3 ni mamoja, lakini kugawanya na kutoa zinajali.

Dawa ya haraka ni kuandika vipimo pamoja na namba. Unataka shilingi kwa kilo? Shilingi inakaa juu, kilo inakaa chini, kwa mpangilio uo huo unavyoitamka. Na kama umeshageuza usianze upya, gawanya 1 na ulichopata: 1 ÷ 0.025 ni 40. Kalkuleta za shule ziko na kitufe cha x⁻¹ cha kazi hiyo.

Alama yenyewe haisaidii sana. Hiyo ÷ ilitumiwa na Johann Rahn kwa kitabu chake cha 1659, Leibniz akapenda nukta mbili, kompyuta zinataka mkwaju (/), na ile ya kuandika kwa kijumba namba inayogawanya inakaa nje upande wa kushoto, yaani unaisoma kinyume cha ile ya mstari mmoja. Mtoto anahama kutoka 72 ÷ 8 kwenda kwa kijumba na anaandika 72 nje. Mwambie tu inayogawanywa inalala ndani.

DALILI: Karatasi inasema hivi, simu inasema vile

Mara nyingi zaidi ni mpangilio. 24 ÷ 4 ÷ 2 inafanywa kutoka kushoto, 6 halafu 3. Mwenye ameanza na 4 ÷ 2 amepata 24 ÷ 2 ambayo ni 12. Kwa kuzidisha hungeona tofauti ukianzia popote, kwa kugawanya unaona.

BODMAS, ile kanuni ya shule ya mpangilio wa hesabu, nayo imeharibu wengi, sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu D ya kugawanya na M ya kuzidisha zimeandikwa moja mbele ya ingine na watu wanadhani ni cheo. Kugawanya na kuzidisha ni cheo kimoja, inayokuja kwanza kutoka kushoto ndio inafanywa kwanza. 24 ÷ 4 × 2 ni 12. 24 × 2 ÷ 4 pia ni 12. Mwenye alipata 3 alianza na kuzidisha.

Halafu ile mchezo ya mtandaoni ya 8 ÷ 2(2+2), wengine 16 wengine 1 na matusi juu. Kalkuleta zenyewe hazikubaliani, zingine zinachukulia 2 iliyoshikana na mabano kama kitu kimoja, zingine zinaenda kushoto kulia. Imeandikwa vibaya, basi. Weka mabano na ugomvi unaisha.

Mstari mrefu wa sehemu ndio mbaya zaidi kwa sababu hauuoni kama mabano na kumbe ni mabano. Kwa karatasi umeandika 300 + 500 juu, 4 chini, jibu 200. Kwa simu unaandika 300 + 500 ÷ 4 na inakupatia 425, imegawanya 500 peke yake. Andika (300 + 500) ÷ 4.

Na kuna kuvunja namba. Namba inayogawanywa unaruhusiwa kuivunja vipande: 1,236 ÷ 12 ni 1,200 ÷ 12 na 36 ÷ 12, yaani 100 na 3, jibu 103. Inayogawanya HUVUNJI kwa kujumlisha: 12 ÷ (2 + 4) ni 2, haiwezi kuwa 12 ÷ 2 ongeza 12 ÷ 4, hiyo ni 9. Ukitaka kuivunja ivunje kwa kuzidisha. 12 ni 3 × 4, basi 1,236 ÷ 3 ni 412, 412 ÷ 4 ni 103. Hii inasaidia sana mtu asiyejua jedwali ya 12.

Masaa pia huleta hii shida. Nakuru hadi Nairobi tuseme kilomita 160, umechukua saa mbili na dakika thelathini, mwendo wako wa wastani? Ukibonyeza 160 ÷ 2.30 unapata 69.6. Dakika 30 ni nusu saa, ni 2.5, na 160 ÷ 2.5 ni 64. Na ukienda mahali kwa 60 na kurudi njia hiyo hiyo kwa 40, wastani si 50: kama ni kilomita 120 kwenda, umetumia saa 2 kwenda na 3 kurudi, kilomita 240 ÷ 5, ni 48. Gawanya jumla na jumla, usichukue wastani wa wastani.

Sasa inawezekana kalkuleta ndio mbaya? Ilishatokea. Mwaka 1994 profesa Thomas Nicely wa Marekani aligundua kompyuta yake ya Pentium inakosea kugawanya, na mfano uliojulikana sana ni 4,195,835 ÷ 3,145,727 ambayo ni 1.3338 na chipu ikawa inasema 1.3337. Intel, wenye kutengeneza hiyo chipu, walitenga dola milioni 475 kwa sababu ya hiyo kitu. Kwa hivyo iko, lakini kabla ulaumu simu yako angalia mabano.

DALILI: "Math ERROR", "#DIV/0!", ama simu inakataa tu

Umegawanya na sifuri, kwa kujua ama bila kujua. Tumia kile kipimo cha kuzidisha urudi. 6 ÷ 0 ni ngapi? Tafuta namba ambayo ukizidisha na 0 unapata 6. Haiko, ukitafuta mpaka kesho haiko. Sio kwamba ni kubwa sana, haiko. Na 0 ÷ 0? Sasa kila namba inapita, 5 × 0 ni 0, 900 × 0 ni 0, kwa hivyo hakuna jibu moja la kuchagua. Lakini 0 ÷ 6 haina shida yoyote, ni 0, chama haikupata kitu watu sita wakagawana hewa. Hizo tatu watoto huchanganya, na sio watoto peke yao: Brahmagupta kule India mwaka 628 aliandika sifuri kwa sifuri ni sifuri, na Bhaskara wa karne ya 12 akasema namba kwa sifuri ni kitu kisicho na mwisho. Mabingwa kabisa, na hesabu za leo hazikubaliani nao.

Kwa Excel chanzo mara nyingi ni boksi tupu, maana tupu inahesabiwa sifuri. Umetengeneza safu ya pesa gawanya na idadi ya waliolipa, mwezi mpya bado hakuna aliyelipa, safu nzima inakuwa #DIV/0!. Andika =IF(B2=0,"",A2/B2) na itakaa kimya mpaka namba iingie. Kuna wale wanapenda IFERROR kwa kila kitu, mimi siipendi, inaficha na makosa mengine ambayo ungetaka kuyaona.

Usidharau hii. Septemba 1997 meli ya kivita ya Marekani, USS Yorktown, ilikwama baharini kwa saa mbili na zaidi baada ya mtu kuingiza sifuri kwa kompyuta na programu ikagawanya nayo, injini zikazima.

Kwa aljebra sifuri hujificha ndani ya herufi. Ukiona mtu amethibitisha kwamba 1 ni sawa na 2, tafuta mahali amegawanya pande zote na a − b ilhali juu kabisa alisema a na b ni sawa. Hapo ndipo.

DALILI: Desimali haiishi, karatasi imejaa

Haujakosea. Punguza sehemu kwanza mpaka isipungue tena, halafu angalia namba ya chini: ikijengwa na 2 na 5 peke yake (kama 8, 20, 40, 125) desimali itaisha, ikiwa na kitu ingine ndani, 3 ama 7 ama 11, haitaisha ila itajirudia. Na ni lazima ijirudie. Angalia 1 ÷ 7 ukifuata baki tu: 1, halafu 3, 2, 6, 4, 5, halafu tena 1. Baki za 7 zinaweza kuwa 1 hadi 6 pekee, zikiisha zote hauna mahali pa kwenda ila kurudi ulikotoka, na jibu linazunguka 0.142857142857. Ukiona baki uliyoiona tayari, weka kalamu chini. Kama bado kuna hesabu mbele, acha iwe 1/7, usikate 0.14 halafu uzidishe na laki ushangae pesa imeenda wapi.

DALILI: Programu ya kompyuta inagawanya namba hasi na jibu limeshuka

Kwa wale watoto wanaojifunza kuandika programu: kwa lugha ya Python −7 // 2 inakupatia −4, na kwa lugha ya C −7 / 2 ni −3. Hakuna iliyoharibika. Python inashuka chini kila wakati, C inakata mkia kuelekea sifuri. Baki nazo zinatofautiana, 1 kwa Python na −1 kwa C, na zote mbili zinapita kipimo cha kuzidisha urudi.

DALILI: Kila kitu ni sahihi lakini hesabu moja inamaliza nusu saa

Shida hapa haiko kwa kugawanya, iko kwa jedwali. Mtoto anakisia 23 inaingia kwa 216 mara ngapi, anajaribu 7, anafuta, anajaribu 8, anafuta. Mwambie kabla aanze aandike pembeni 23, 46, 69, 92, 115, 138, 161, 184, 207, kwa kuongeza tu, hahitaji kukariri. Sasa 9,876 ÷ 23: kwa 98 anaona 92 iko ya nne, baki 6; 67 anaona 46 ya pili, baki 21; 216 anaona 207 ya tisa, baki 9. Ni 429 baki 9. Akishindwa hata hapo, mwangalie anavyotoa 207 kwa 216, inawezekana ni kutoa ndio kunamsumbua na mmekuwa mkipigania kugawanya muda wote.